Kwa Nini Naitazama Leso ya Mamako

Mwanangu Rukia,

Salamu za karatasini naziruka, maana tangu alfajiri kila unaponipita mlangoni wanipa shikamoo, kama kwamba unaziweka akiba. Sasa umetoka na mamako kwenda kuaga kwa majirani, na kuaga kwenu wanawake nakujua. Hamrudi mpaka kila nyumba iwe imewatilia kitu mkononi. Basi alasiri yote hii ni yangu, nimekaa barazani na kalamu, na paka wako amelala juu ya amplifaya pale penye joto.

Kesho wapanda basi la asubuhi. Habari za kula na kuvaa na kufunga mlango na kuchagua marafiki mamako amekwisha kuzisema, tena kwa urefu, nami sina la kuongeza. Mimi nataka kulijibu swali lako.

Umeniuliza tangu u mdogo: "Baba, mbona kila ukitaka kufungua sauti wamtazama mama kwanza?" Iwe harusi, iwe maulidi, iwe mkutano wa shule, mkono wangu uko kwenye mitambo na macho yangu yako kwa mamako. Nami nilikuwa nikikujibu kwa mzaha, nikisema naangalia kama bado ni mzuri. Mamako akicheka, wewe ukinuna. Juzi ulipokuwa ukifunga sanduku uliuliza tena, na safari hii hukununa. Ulisimama ukasubiri. Nikaona haya kukutania, kwa sababu wewe waenda Nairobi kujifunza ufundi wa redio na mitambo ya sauti, na katika darasa hilo huenda ukawa msichana peke yako. Mtu kama huyo hapewi mzaha. Mamako hakutaka ulijue jambo hili mapema, alihofia litakutia woga. Sasa amesema nikwambie.

Nilipoanza kazi hii hujazaliwa. Nilikuwa na amplifaya moja iliyokula betri ya gari, maikrofoni moja, na spika mbili za mdomo mpana, zile zilizo kama tarumbeta. Nilijiona mtu mkubwa. Ukitaka harusi yako isikike mpaka Gongoni, mwite Fundi Swaleh; ndivyo nilivyokuwa nikijisifu, na watu walinicheka lakini waliniita. Akili yangu yote ilikuwa moja tu, kwamba sauti ni kitu cha kusukuma. Watu wa nyuma wasiposikia, ongeza. Wakiwa bado hawasikii, ongeza tena mpaka mitambo itoe harufu ya kuungua.

Kazi nyingi nilizipata Mambrui, kwa sababu ya maulidi. Wajua mpango wa kule: wanaume mbele, kwenye majamvi, na wanawake nyuma ya ukuta, katika ua wao, na mwanamume haingii. Mimi nilikuwa nikitundika spika moja juu ya ukuta, nageuza mdomo wake uangalie uani, nashuka, kazi imekwisha. Ndani ya ua ule sikupata kukanyaga hata siku moja. Nilikuwa napeleka sauti mahali ambapo mimi mwenyewe siwezi kusimama. Na kila maulidi yakimalizika, yaletwa sinia ya pilau kutoka uani pamoja na salamu: "Mwambieni fundi ahsante sana, imefika." Nami nikala pilau, nikaamini.

Kisha nikamwoa mamako. Mwaka ule wa kwanza alikwenda kwenye maulidi akakaa uani pamoja na shangazi zake. Tulipokuwa tukirudi nyumbani nilingoja anisifu. Hakunisifu. Nikaona nimuulize mwenyewe.

"Mambo yalikuwaje huko ndani?"

"Wataka nikwambie kweli, au wataka kuendelea kula pilau?"

"Niambie."

"Hatusikii neno. Twasikia mvumo tu. Yaja sauti ya mbele, halafu yaja sauti ya ukutani, zagongana, kinachobaki ni kelele. Twaitikia kwa kuwafuata nyinyi wanaume. Mkiitikia, nasi twaitikia."

"Miaka yote hii?"

"Miaka yote."

"Na ile ahsante?"

"Swaleh, wewe ni mtoto wa watu. Umebeba mitambo tangu adhuhuri, jasho lakutiririka. Nani akuaibishe?"

Nilinuna, nisikufiche. Nilimnunia mamako kwa kosa la kunipenda kuliko wale walionipikia. Lakini hasira ilipopoa nikaanza kuwafikiria wale kina mama wazee. Walikuja kusikiliza sifa za Mtume, wakakaa mwaka baada ya mwaka wakisikiliza mvumo, na juu ya hayo wakanipakulia sinia. Adabu ya watu wetu ni tamu mno, Rukia, hata yaweza kumfanya fundi abaki mjinga mpaka azeeke. Huko uendako labda watu wanasema waziwazi zaidi, sijui. Lakini popote utakapofunga spika, usimuulize mtu kama sauti imefika. Muulize kile msomaji alichosema.

Dawa aliileta mamako mwenyewe. Maulidi yaliyofuata alikaa uani karibu na ukuta, na leso yake ameifunga kwenye ufito. Tulikuwa tumepatana: leso ikipanda juu ya ukuta, uani kuna tatizo, tengeneza; leso ikiwa chini, usiguse kitu. Nilianza kazi kabla watu hawajajaa. Nikaigeuza spika, leso ikapanda. Nikaishusha kidogo, leso bado iko juu, tena yatikiswa kwa ukali, maana mamako wamjua. Mwishowe niliiondoa kabisa pale ukutani, nikaihamishia upande wa msomaji, ikatazama kule alikokuwa akitazama yeye, ili sauti zote zitoke upande mmoja zisigongane njiani. Kisha nikaipunguza. Nilipunguza, wasikia? Maisha yangu yote nilikuwa nimeongeza.

Leso ikashuka na haikupanda tena. Na usomaji ulipofika mahali pa kuitikia, wanawake waliitikia kabla ya wanaume. Sauti ile ilitoka nyuma ya ukuta ikiwa safi, imejaa, ya watu wanaojua wanachokiitikia. Nilikuwa nimekaa na mitambo miaka na miaka, na siku hiyo ndipo nilipojua kazi yangu ni nini.

Baadaye nilipata zile spika ndefu unazozijua, masanduku membamba ya kimo cha mtoto, ndani yake spika ndogo zimepangwa moja juu ya nyingine. Nilizisimamisha kama nilivyomwona aliyeniuzia akizisimamisha, nikapenda jinsi zilivyotandaza sauti kulia na kushoto. Kwa nini zilitandaza hivyo sikuuliza. Nilifundishwa na ajali, kule Kikambala, katika hoteli moja ya ufuoni yenye ghorofa. Waliniita kwa ajili ya wachezaji wa ngoma na msemaji wao, wageni wa hoteli wamekaa kwenye meza bustanini, na wengine wako juu kwenye roshani zao. Katikati ya mambo upepo ukaiangusha spika moja. Mguu wake ukavunjika, ikalala ubavu juu ya meza, nayo bado yasema. Sikuwa na kitu cha kuisimamishia, nikaiacha.

Nikaenda kuzunguka nione hasara. Meza za pembeni, zilizokuwa zikisikia vizuri, sasa hazisikii chochote. Wageni wamegeuza shingo wakitafuta msemaji amekwenda wapi. Na juu, kwenye roshani, watu walikuwa wametoka wote wameegemea ukingo, kwa sababu sauti ilikuwa imewapanda huko huko. Nikapita pembeni tena. Ilikuwa kama kufungua mlango na kuufunga. Hatua huku, sauti ipo. Hatua kule, haipo. Na hakuna ukuta wowote katikati, ni hewa tu. Nilitembea bustanini mdomo wazi mpaka mkubwa wa hoteli akaniuliza kama ninaumwa.

Nyumbani nilizilaza, nikazisimamisha, nikaziinamisha, wiki nzima, na majirani wakasema Swaleh amerogwa. Taratibu nikaelewa. Zile spika ndogo zasema neno moja kwa wakati mmoja. Ukisimama mbele yao, sauti zao zote zakufikia pamoja na zasaidiana. Ukisimama upande wa ncha ya sanduku, kila moja yakufikia kwa wakati wake, na zinapokutana zauana. Sauti juu ya sauti, na kinachozaliwa ni kimya. Mimi nimeona mwezi ukipatwa, nimeona bahari ikiwaka usiku kwenye makasia, lakini hakuna kilichonitia kicho kama jambo lile. Mungu ameweka kimya ndani ya sauti yenyewe, na njia ya kukipata ni kulaza sanduku. Mtu yeyote aweza. Nilimwambia mamako, akasema, "Haya, nawe sasa umepata cha kuzungumza." Lakini alikuja akasimama pale penye ncha, akasogea, akarudi, akasogea tena.

Sasa nafika kwako.

Ulikuwa umeanza darasa la kwanza ulipokanyaga msumari. Kidonda kilifunga, tukasahau. Asubuhi moja mamako alikupa chai, kikombe kikagonga meno. Hukuweza kufungua mdomo. Uso wako ulikuwa umekazwa kama unacheka, na macho yako yalikuwa yakilia. Nilikubeba mikononi mpaka hospitalini, na njiani gari lilipiga honi karibu yetu, mgongo wako ukapindika mikononi mwangu, ukawa mgumu kama ubao. Nilikuwa sijui ni nini. Waliponiambia ni pepopunda, nilikaa chini pale pale sakafuni.

Walikuweka chumba cha mwisho kabisa, dirisha limezibwa kwa blanketi, watu waingia bila viatu. Muuguzi wako alikuwa Sista Kadzo, mama wa Kigiriama kutoka pande za Magarini, mtu mnene ambaye aliweza kutembea usimsikie. Kijiko kikianguka ukumbini, wewe wainuka kitandani, kinachogusa godoro ni kisogo na visigino tu. Mlango ukigongwa, vivyo hivyo. Na kila ulipokamatwa hivyo pumzi yako ilikatika, tukangoja irudi. Siku ya pili Sista Kadzo alinitoa nje akanishika mkono.

"Baba Rukia, dawa tunampa. Lakini dawa yake nyingine ni kimya, na hiyo haikai kabatini mwetu. Akikamatwa mara nyingi zaidi, moyo wake mdogo utachoka."

"Mara ngapi zaidi, Sista?"

"Usiniulize hivyo, baba. Tuzuie hata mara moja."

Na kesho yake kulikuwa na mkutano wa hadhara. Uwanja wenyewe ulikuwa pembeni mwa hospitali, barabara tu katikati. Mgeni mkubwa alikuwa anakuja, na mwenye mitambo ya siku hiyo nilikuwa mimi. Nilikuwa nimeshakubali kabla hujaugua. Nilikwenda kwa Mzee Kazungu, mwenyekiti wa shughuli, kumwambia sitaweza, na kumwomba wahamishe mkutano.

"Fundi, pole sana kwa mtoto," alisema, na pole yake ilikuwa ya kweli. "Ningeweza ningehamisha. Lakini watu wa Marafa wameanza kutembea tangu leo. Mgeni nampokea tu, simpangii. Usipokuja wewe itabidi nimwite yule wa Mombasa."

Yule wa Mombasa nilimjua. Alikuwa akija na lori, juu yake spika za mdomo mpana zimepeana migongo, kila moja yatazama upande wake wa dunia. Nikaona chumba chako cha mwisho, na blanketi lile dirishani.

"Usimwite," nikasema. "Nitakuja mwenyewe."

Mamako aliposikia aliniangalia kama hanijui. Tulikuwa kwenye veranda ya hospitali, twazungumza kwa kunong'ona.

"Utakwenda kupiga kelele dirishani pa mwanao?"

"Nakwenda kuzizuia. Wakumbuka ile spika iliyolala?"

Aliivuta leso yake begani, ile nyekundu yenye picha za mua, akaishika mbele yangu.

"Nitasimama hapa. Nikiinua, zima. Hata kama mgeni yuko katikati ya neno."

"Nitazima."

"Niapie."

Nikaapa.

Asubuhi yake nilikwenda uwanjani na Charo mwenye mkokoteni, aliyekuwa akinibebea vitu. Spika zangu zote ndefu nilizilaza juu ya madawati ya shule, ncha ya kila moja ikielekea hospitali, na mdomo wake ukielekea watu wake: hii ya walio mbele, hii ya walio kati, hii ya kina mama watakaokaa mwisho. Kila moja niliipa sauti ndogo, kwa kuwa ilikuwa karibu na wasikilizaji wake. Na ile sauti nene niliikata yote kwenye amplifaya, kwa maana sauti nene haina adabu, haielekezwi, huzunguka kila pembe na kuingia kila chumba.

"Fundi, hizi spika zimekufa?" Charo aliniuliza. "Mbona twazilaza kama maiti?"

Nilimwambia ashike maikrofoni ahesabu moja mbili, moja mbili, asiache. Nikavuka barabara nikatembea kando ya ukuta wa hospitali. Mwanzo nilimsikia kama mtu azungumzaye nyumba ya tatu. Nikarudi, nikaisogeza spika moja kidogo kwa goti. Nikaenda tena. Nilipofika karibu na mfereji wa kuchotea maji, usawa wa dirisha lako, nilimwona Charo kule mbali afungua mdomo na kuufunga, na sikio langu halina kitu. Nikasikia maji yakidondoka mferejini. Nilisimama pale nikalia, na sikujali nani aniona.

Spika nilizitia adabu, lakini watu sikuwafikiria. Nilikuwa nimejali mitambo yangu tu, kama kawaida yangu. Umati ukaanza kuingia, wengi kupita nilivyotarajia, na kina mama wa kwanza kufika wakaingia kwa vigelegele. Nikageuka kutazama veranda. Leso nyekundu ilikuwa juu.

Haikutikiswa. Imesimama tu juu, na mkono wa mamako umenyooka. Nilijua wakati huo huo, ndani ya chumba kile, mgongo wako umepindika na pumzi imekatika, na hakuna kitufe cha kuzima vigelegele.

Wajua mimi sisemi kwenye maikrofoni. Kazi yangu ni moja mbili, kisha nawapa wenye maneno. Siku hiyo niliichukua. Nasikia bado nilivyosema, kwa sababu sijapata kusema tena.

"Jamani, mimi ni Swaleh wa mitambo. Mtoto wangu yuko chumba kile cha mwisho, ana pepopunda. Kila kelele yamrusha kitandani, na akirushwa hapumui. Nawaomba, mkifurahi, msipige makofi wala vigelegele. Inueni mikono, au leso. Sina jingine."

Mbele kabisa alikuwa amekaa bibi mmoja wa Kigiriama, amevaa hando lake, ile sketi ya marinda mengi. Alinitazama, akageuka akatazama dirisha lenye blanketi. Kisha akaifungua leso aliyojitupia begani, akaiinua juu ya kichwa chake, akaipunga taratibu. Wa pili yake akafanya hivyo. Halafu mstari mzima, halafu mistari ya nyuma, mpaka kule mwisho kwa kina mama, na wanaume wakavua kofia zao wakaziinua. Wapiga ngoma wakazifunga ngoma zao kwa mashuka wakazikalia. Uwanja mzima wa watu, Rukia, na sauti iliyokuwapo ni ya vitambaa vikipigwa na upepo. Nami nilisimama katikati ya leso zile zote zilizo juu, nikitafuta leso moja tu, na nikaiona ikishuka.

Mgeni alikuja akiwa hajui lolote. Alipanda jukwaani, akaanza kwa sauti kubwa kama ilivyo desturi yao, akafika mahali pa kupigiwa makofi, akangoja. Akapungiwa vitambaa. Nadhani alidhani wamemchoka, maana aligeuka kwa Mzee Kazungu na uso umemshuka. Mzee Kazungu akamnong'oneza. Yule bwana akatazama hospitali kwa muda. Kisha akaikaribia maikrofoni, akaishusha sauti yake, akaanza upya, polepole, kama mtu asimuliaye watoto wake jioni. Spika zangu zilizolala zikalibeba kila neno mpaka kwa mtu wake. Alisema nini sijui, sikuwa nikisikiliza. Lakini kina mama wa mwisho kabisa waliinua leso zao pale pale penye neno, hawakungoja kuwaona wa mbele. Nilijua wanasikia.

Na leso ya verandani haikupanda tena. Mkutano ulipokwisha watu waliondoka wakinong'ona, na nilisikia kwamba wengine walikuwa bado wananong'ona walipofika mbali barabarani, bila kujua kwa nini. Niliingia chumbani mwako bila viatu. Mamako alikuwa amekaa sakafuni mlangoni, leso mapajani. Ulikuwa umelala. Sista Kadzo akasema tangu ile mara moja ya asubuhi hukukamatwa tena.

Ilichukua wiki nyingi mpaka taya zako zikalegea. Siku ulipoweza kusema, neno lako la kwanza lilikuwa, "Mbona kimya hivi?" Sista Kadzo alitoka nje, tukamsikia akicheka na kulia pamoja, kwa sauti kubwa, ukumbini, mtu yule aliyetembea usimsikie.

Hilo ndilo jibu la swali lako. Tangu siku ile mkono wangu haukubali kufungua sauti kabla macho hayajaona leso ya mamako iko chini. Akiwa hayupo, naitafuta hivyo hivyo.

Fundi mwingine wa Mombasa, si yule wa lori, aliniambia kwamba siku hizi ng'ambo ziko mashine za kuichelewesha sauti, ili spika ya mbali imngoje msemaji na maneno yasigongane. Alisema pia wako wanaotafuta njia ya kuipinda sauti bila kuligusa sanduku, ipelekwe kwa hawa na iwapite wale, na sanduku limesimama tu. Nilimcheka, lakini usiku sikulala kwa kuyawaza. Ukiyaona kwa macho yako niandikie, na unieleze polepole, kwa kuwa mimi shule yangu ilikuwa ni spika iliyoanguka. Na watakapokuonyesha jinsi ya kuipeleka mbali, waulize pia wanaizuiaje. Kuna mtu chumba cha mwisho. Hata usipomwona, yupo.

Nasikia sauti zenu mwisho wa mtaa, na mwacheka, naona mmepewa vitu vingi. Basi nimalize.

Kesho mimi nitakusindikiza hadi kwenye basi nikubebee sanduku. Mamako amesema hatakuja, atabaki hapa barazani, na basi litapita mbele ya nyumba. Ameahidi hatalia. Amenionyesha na leso atakayoishika, ile ile nyekundu, imepauka sasa. Basi likipita mtazame. Leso ikiwa chini, ujue hali ni shwari. Ikipanda, ujue ameshindwa kujizuia, na wewe usishuke, mwanangu. Endelea na safari yako. Safari hii mwenye kukimbilia leso nitakuwa mimi.

Babako,
Swaleh